Mshtuko wa moyo ukitokea Bagamoyo: namna ya kuamua mgonjwa apelekwe wapi

Mtu akishika kifua Bagamoyo, neno la kwanza kwa walio karibu ni "Muhimbili". Linatoka kwa nia njema. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete (JKCI) ipo pale Upanga ndani ya eneo la Muhimbili, na ndiko mishipa ya moyo inakozibuliwa kwa upasuaji wa tundu dogo. Lakini gari likiondoka bila ECG (kipimo cha umeme wa moyo), bila mgonjwa kutafuna hata aspirini, na bila simu kupigwa, zile kilomita 70 na ushee zinakuwa ni kumkimbiza mtu tu. Msuli wa moyo unaendelea kufa njiani, na akifika anaanza upya kama mgonjwa aliyejileta mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa wauguzi, matabibu na wahudumu wanaopanda gari la wagonjwa, pamoja na madereva wao. Ninalolisisitiza ni moja: uamuzi wa kwenda wapi hufanyika kando ya mgonjwa, kwa karatasi ya ECG na saa ya mkononi, kabla gari halijawashwa. Dozi nilizoandika ni zile za miongozo ya kimataifa ya magonjwa ya moyo. Ukiwa kazini fuata mwongozo wa taifa wa matibabu na amri ya daktari wa zamu.

Tuelewane kwanza kwa nini tunahesabu dakika. Katika mshtuko mkubwa wa moyo, mshipa unaolisha msuli wa moyo unakuwa umezibwa na donge la damu. Msuli ule huanza kufa ndani ya nusu saa hivi, na huendelea kufa kwa saa kadhaa. Kuna njia mbili za kuufungua mshipa. Ya kwanza ni kupitisha waya na puto kutokea mkononi au pajani, kisha kuweka stenti, kibomba kidogo cha wavu kinachouweka mshipa wazi. Ya pili ni dawa ya kuyeyusha donge, inayoingia kwa kanula, ule mrija mdogo wa mshipani. Njia ya kwanza ni bora zaidi ikiwahi. Ikichelewa, ya pili inaokoa msuli mwingi zaidi kwa sababu inaweza kutolewa popote penye ECG, mashine ya kufuatilia mapigo na mtu anayeijua dawa. Kazi yako yote ya kuamua inazunguka hapo.

Hatua ya 1: Yajue majibu kabla simu haijalia

Keti na wenzako wa zamu mchana, gari likiwa limeegeshwa, mjibu maswali haya kwa majina na namba za simu. Ni vituo gani kati ya Fukayosi na Mapinga vyenye ECG inayofanya kazi? Karatasi zake zipo? Nimeona mashine nzima ikikaa kabatini kwa kukosa karatasi. Nani ana dawa ya kuyeyusha donge leo? Sisemi mwezi uliopita, kwa kuwa dawa hii ni ghali na hukatika stoo bila mtu kutangaza. Nani hupokea simu za rufaa za mgonjwa wa moyo usiku? Gari lipi lina mashine ya kushtua moyo, na betri yake ilichajiwa lini?

Andika majibu kwenye karatasi moja, ipige plastiki, ibandike ndani ya gari. Irudie kila wiki. Mafuta yasishuke chini ya nusu tanki, na kibali cha mafuta kisiwe kitu cha kutafutwa usiku wa manane kwa ofisa aliyezima simu.

Jambo la kukumbuka: namba 115 ya m-mama imewekwa kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Usiiweke kwenye mpango wako wa mgonjwa wa moyo.

Hatua ya 2: Dakika 10 za kwanza

Kuanzia unapomgusa mgonjwa mpaka ECG ya kwanza isomwe, lengo ni dakika 10. Mlaze nusu-kukaa, mvue au mkate shati, pima presha, oksijeni na sukari, na wakati huohuo mwenzako anaunganisha nyaya. Kadi ya bima itatafutwa na ndugu.

Swali la kwanza kwa mgonjwa ni: yalianza saa ngapi? Wengi hawatakupa saa, watakupa "toka jana". Mwulize kwa adhana. Yalianza kabla ya Alfajiri au baada? Ulikuwa umeshaswali Isha? Kwa watu wa pwani jibu hilo hutoka haraka, na mara nyingi huwa sahihi kuliko la saa. Liandike kwenye plasta, ibandike kifuani kwa mgonjwa au kwenye fomu. Muda huo ndio utakaoamua kama dawa ya kuyeyusha donge bado ina faida, kwa sababu faida yake ni ndani ya saa 12, na ni kubwa zaidi katika saa 2 au 3 za mwanzo.

Dalili za vitabuni unazijua: kifua kubanwa, maumivu kupanda taya au kushuka mkono, jasho jembamba la baridi, kichefuchefu, pumzi kukata. Wanaotuponyoka ni wengine. Mwenye kisukari anaweza asiumwe kabisa, aje na uchovu na pumzi fupi tu. Akina mama na wazee vilevile. Halafu kuna mgonjwa anayesema vidonda vyake vya tumbo vimeamka. Anaonyesha chembe cha moyo, ameshapewa dawa ya tumbo na maziwa, na pengine amepata nafuu kidogo. Mtu wa miaka 50 mwenye presha, anayelalamikia chembe cha moyo huku shati limelowa jasho, apigwe ECG kwanza. Nafuu ya dawa ya tumbo haithibitishi kwamba moyo ni mzima.

Sasa ECG yenyewe. Joto letu na jasho la mgonjwa hufanya vibandiko visishike, nawe unapata mistari inayotetemeka isiyosomeka. Futa ngozi kwa gozi kavu, usugue kidogo, nyoa nywele za kifua zikizuia. V1 na V2 (vibandiko viwili vya kwanza vya kifuani) zikae nafasi ya nne kati ya mbavu, huku na huku ya mfupa wa kifua. Kosa la kawaida ni kuziweka juu mno, karibu na mtulinga, na picha inabadilika. Kwa mama, vibandiko vya kushoto vikae chini ya titi, si juu yake.

Unachotafuta ni ST (kipande cha mstari kinachofuata pigo refu la moyo) iliyopanda kwenye njia mbili zinazopakana, yaani pembe mbili jirani ambazo ECG inautazamia moyo. Kwa njia nyingi milimita 1 inatosha. Kwa V2 na V3 vipimo ni vikali zaidi: milimita 2 kwa mwanamume wa miaka 40 na kuendelea, 2.5 kwa aliye chini ya hapo, na 1.5 kwa mwanamke. Ukiona imepanda kwenye njia za II, III na aVF, zinazotazama upande wa chini wa moyo, hamisha kibandiko cha V4 upande wa kulia wa kifua upate V4R, ujue kama chumba cha kulia cha moyo kimeguswa. Ukiona ST imeshuka V1 mpaka V3, weka V7 hadi V9 mgongoni, kwani huenda ni mshtuko wa upande wa nyuma.

ECG ya kwanza ikiwa safi na maumivu bado yapo, irudie kila dakika 15 hadi 30. Karatasi moja nzuri haimwondoi mgonjwa kwenye hatari.

Picha ya kumtumia daktari ina adabu yake. Tandaza karatasi juu ya meza au mgongo wa faili, washa taa, simama ili kivuli chako kisiangukie mistari, piga karatasi nzima pamoja na alama ya kasi ya 25 mm kwa sekunde. Andika umri, jinsia na saa. Jina kamili usiandike, na usiitupe kwenye grupu lenye watu wasiohusika na mgonjwa.

Hatua ya 3: Cha kumpa na cha kutompa

Aspirini 300 mg, itafunwe. Zile ndogo za 75 mg ni nne. Zuia tu kama ana mzio nayo wa kweli au anatoka damu.

Naitrogliserini, dawa ya kutanua mishipa, ikiwekwa chini ya ulimi hupunguza maumivu lakini haizibui mshipa, kwa hiyo usiivunjie shingo. Usimpe ambaye namba ya juu ya presha yake iko chini ya 90, wala ambaye V4R yake inaonyesha chumba cha kulia kimeathirika. Na kuna swali ambalo lazima liulizwe: ametumia dawa za nguvu za kiume? Waombe watoto na mkewe wasogee, inama karibu, uliza kwa sauti ya chini. "Mzee wangu, nakuuliza kwa usalama wako, jibu linabaki kwangu." Sildenafil ndani ya saa 24, au tadalafil ndani ya saa 48, inaweza kuangusha presha vibaya ikichanganywa na naitrogliserini. Vumbi na vidonge vinavyouzwa kwa jina la dawa za asili navyo vihesabu.

Oksijeni ni kwa aliye chini ya asilimia 90. Mwenye 96 haimsaidii kitu, na mtungi utauhitaji Tegeta akibadilika.

Sindano ya diklofenaki usimchome. Ndiyo sindano inayokimbiliwa kwa kila maumivu huku kwetu, lakini dawa za kundi hilo zina madhara kwa moyo ulioshtuka, na sindano yoyote ya msuli inaweza kuvuja damu nyingi endapo atapewa dawa ya kuyeyusha donge. Kama maumivu ni makali, morfini kidogo kidogo kwa mshipa, kwa amri ya daktari.

Kanula iweke mkono wa kushoto. Kifundo cha mkono wa kulia kiache, maana wenzetu wa Upanga mara nyingi hupitishia waya hapo. Na asitembee hata hatua moja mpaka kwenye gari, hata akisema anaweza.

Hatua ya 4: Hesabu ya dakika 120

Hapa ndipo uamuzi ulipo, tukae napo.

Saa inaanza pale ECG inapoonyesha ST imepanda. Inaisha waya unapopita kwenye donge. Ikiwa unaamini kwa dhati kwamba safari yote hiyo itakamilika ndani ya dakika 120, mpeleke moja kwa moja akazibuliwe. Ikiwa haitawezekana, na hana kizuizi, apewe dawa ya kuyeyusha donge kwanza, kisha asafirishwe.

Watu wengi huhesabu barabara peke yake. Jumlisha vitu vitatu: dakika za kuondoka, dakika za barabara, na dakika za kutoka mlangoni JKCI mpaka mshipa kufunguka. Hizo za mwisho mimi huziwekea 60 ikiwa tumepiga simu na wametukubali, na 90 usiku au sikukuu, timu inapotakiwa itoke nyumbani.

Chukua mgonjwa wa Magomeni ya Bagamoyo, saa 11 jioni. Kuondoka dakika 20. Barabara, ukianza Kiromo, Zinga, Kerege, Mapinga, uvuke Mpiji, halafu Bunju, Boko, Tegeta, Mbezi, Mwenge: foleni ya jioni inaweza kukupa saa 2 na nusu. Ongeza 60. Umefika dakika 230. Huyu hesabu yake haina mjadala.

Sasa mgonjwa huyohuyo saa 8 usiku, barabara tupu. Kuondoka 20, barabara 80, wao 90. Jumla 190. Hata kama timu iko pale tayari na ukaweka 60, ni 160. Hili huwashangaza wengi, kwa sababu usiku tunajiona tumewahi. Kwa mgonjwa anayetokea Bagamoyo mjini, karibu kila saa ya siku, dawa ya kuyeyusha donge inayopatikana hapo hapo inashinda kuzibuliwa Upanga saa 3 baadaye. Lengo ni iingie ndani ya dakika 10 baada ya ECG kusomwa, na isizidi 30.

Mgonjwa wa Mapinga saa 8 usiku ni mwingine. Kuondoka 15, barabara 50 hadi 55, wao 60 ikiwa timu iko pale tayari: unakaribia 130. Hapa ndipo simu inapoamua. Wakikujibu timu ipo na chumba kipo wazi, nenda. Wakisema kuna mgonjwa mezani, hesabu imevunjika, na swali linarudi kuwa nani ana dawa karibu nawe.

Kama dawa haipo popote karibu, usikae kuisubiri. Ondoka kwenda Taasisi ya Moyo moja kwa moja, hata kama hesabu inasema dakika 200, maana kufunguliwa mshipa saa 4 baada ya maumivu kuanza bado ni bora mno kuliko kutofunguliwa. Na kama saa 12 zimeshapita, dawa ya kuyeyusha inapoteza faida yake huku hatari yake ikibaki. Huyo naye anakwenda Upanga, hasa kama bado anaumwa, presha imeshuka au mapigo yanaruka.

Kuhusu mwelekeo. Kanuni yangu ni kutorudi nyuma. Umemchukua mgonjwa Kerege: ECG iliyo mbele yako kuelekea Dar es Salaam ina thamani kuliko iliyoko Bagamoyo mjini, isipokuwa una hakika, kwa simu, kwamba Bagamoyo wana dawa mkononi na daktari anasubiri. Anayetoka Kiwangwa au Fukayosi apite Bagamoyo, kwani ni njia hiyohiyo ya kwenda mbele. Wa Lugoba au Msata hesabu yake ni ya upande wa Chalinze, kwa Hospitali ya Msoga, kisha Tumbi Kibaha na Barabara ya Morogoro.

Ndugu zetu wa Tanga wana hesabu rahisi zaidi na ngumu zaidi kwa pamoja. Kutoka Hospitali ya Bombo mpaka Dar es Salaam ni kama kilomita 350. Hakuna dereva wala king'ora kitakachoifanya hiyo kuwa dakika 120. Kwa mgonjwa wa Tanga, mahali pa kufungulia mshipa kwa mara ya kwanza ni Tanga kwenyewe, kwa dawa, kisha safari. Nguvu zote za kupanga ziende kwenye kuhakikisha dawa ipo na wa kuitoa yupo saa 24.

Ambao ECG haionyeshi ST kupanda lakini troponini (kipimo cha damu kinachoonyesha msuli wa moyo umeumia) iko juu, hawapewi dawa ya kuyeyusha. Wengi wao wanasafirishwa kwa utulivu ndani ya siku. Ila mwenye maumivu yasiyokoma, presha iliyoshuka, mapafu yaliyojaa maji au mapigo ya hatari anapanda gari sasa hivi.

Hatua ya 5: Nani asipewe dawa ya kuyeyusha donge

Wauguzi wengi wanaiogopa dawa hii, na hofu hiyo ina msingi: mmoja katika kila mia moja hivi anaweza kutokwa damu kwenye ubongo. Ndiyo maana orodha husomwa kwa sauti, mmoja anauliza, mwingine anaweka alama:

- Amewahi kutokwa damu kwenye ubongo, wakati wowote maishani
- Kiharusi ndani ya miezi 6 iliyopita
- Uvimbe au kasoro ya mishipa kwenye ubongo
- Jeraha kubwa, upasuaji mkubwa au kuumia kichwa ndani ya mwezi 1
- Kutapika damu au kupata choo cheusi ndani ya mwezi 1
- Ugonjwa wa damu kutoganda
- Dalili za mshipa mkuu wa damu unaotoka kwenye moyo (aota) kuchanika

"Ndiyo" moja hapo, dawa inasimama, na mgonjwa anakwenda kuzibuliwa kwa waya hata kama ni mbali. Presha iliyogoma juu ya 180/110, dawa za kuzuia damu kuganda, ujauzito na vidonda vya tumbo vilivyo hai ni mambo ya kumuuliza daktari kabla.

Hilo la mshipa mkuu kuchanika lisiruke. Maumivu ya ghafla yanayochana kuelekea mgongoni, na presha ya mkono wa kulia na wa kushoto zikipishana zaidi ya 20, ni onyo. Ukimpa huyu dawa ya kuyeyusha, unaweza kumuua.

Dawa za kuyeyusha donge zenyewe ni kama hizi. Streptokinasi ni yuniti milioni 1.5 kwa dripu ya dakika 30 hadi 60. Inaweza kushusha presha. Punguza kasi, inua miguu. Aliyewahi kupewa zamani asirudishiwe hiyo. Tenekteplasi hupigwa mara moja kwa uzito wa mwili, na kwa aliyevuka miaka 75 hutolewa nusu. Klopidogreli, kidonge cha kuzuia damu kushikana, huambatana nayo: 300 mg kwa wa miaka 75 au chini, 75 mg kwa aliyezidi.

Dawa ikishaingia, safari inaanza. Wapo wanaomlaza wodini "tuone kesho". ECG ya dakika 60 hadi 90 ndiyo itakayosema: kama ST haijashuka angalau nusu, dawa imeshindwa na anatakiwa meza ya kuzibuliwa haraka. Ujumbe huo ukupate tayari Bunju, usikukute bado unatafuta barua ya rufaa. Na dawa ikifanya kazi, bado atahitaji picha ya mishipa ndani ya saa 2 hadi 24.

Hatua ya 6: Wanaovunja hesabu

Mgonjwa aliyepoteza fahamu bila mapigo hasafirishwi, anafanyiwa kazi alipo. Kandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, 30 kwa pumzi 2, na mshtue kwa mashine mapema iwezekanavyo. Ikitokea njiani, dereva asogeze gari pembeni asimame. Kukandamiza kifua ndani ya gari linalokwenda kasi juu ya matuta hakumfikishii mtu damu ya kutosha. Akirejea na ECG ikaonyesha ST imepanda, anakwenda Taasisi ya Moyo.

Presha iliyoshuka na mikono ya baridi ni moyo ulioshindwa kusukuma. Huyu anahitaji kuzibuliwa kuliko wote, bila kujali saa zimepita ngapi. Lakini ikiwa njia yake ya hewa au pumzi imekushinda kuimudu, ingia hospitali ya kwanza yenye uwezo huo, atulizwe, kisha endelea. Kuanzia Tegeta kwenda mbele zipo hospitali kando ya njia, Lugalo na Mwananyamala zikiwemo. Zijue kwa majina kabla ya kuondoka ili uamuzi usifanyike kwa kupiga kelele.

Hatua ya 7: Simu

Simu moja yenye mpangilio huokoa dakika nyingi kuliko king'ora. Ipigwe na aliyemwona mgonjwa, na iwe fupi namna hii:

"Habari za usiku, daktari. Mimi ni muuguzi wa zamu, Bagamoyo. Nina mwanamume wa miaka 58, ana presha na sukari. Maumivu ya kifua yalianza saa 6 na nusu usiku. ECG ya saa 7 na dakika 40 inaonyesha ST imepanda V1 mpaka V4, nimekutumia picha. Presha 130 kwa 80, mapigo 96, oksijeni 95. Ametafuna aspirini 300. Hana kizuizi cha dawa ya kuyeyusha donge, na dawa tunayo. Barabara ni dakika 80. Naomba uamuzi: tumpe tuje, au tuje moja kwa moja?"

Angalia swali la mwisho. Ukimaliza kwa "sasa tufanyeje?" utaanza kuulizwa mambo mapya. Ukimpa njia mbili, utapata jibu. Andika jina lake na saa aliyojibu. Usipopokelewa ndani ya dakika 5, piga namba ya pili iliyoko kwenye ile karatasi ya plastiki.

Hatua ya 8: Ndugu wa mgonjwa

Ndugu wanaweza kukuchelewesha au kukuharakisha, inategemea umewaambia nini. Tafuta mmoja mwenye sauti katika familia, mara nyingi ni kaka mkubwa, shangazi au mke mwenyewe, mweke pembeni. "Shikamoo mama. Mshipa wa moyo wa baba umeziba. Tunampa dawa ya kuufungua sasa hivi, kisha tunakwenda Dar es Salaam. Dawa hii ina hatari ya damu kuvuja, nayo ni ndogo kuliko hatari ya kumwacha hivi alivyo. Naomba ridhaa yenu sasa."

Wengine watataka kwanza aitwe mtu wa kumsomea. Usibishane wala usimdharau mtu. Wasome dua hapo hapo wakati unafunga nyaya, na anayetaka kusoma apande gari aendelee njiani. Ninachokataa ni mgonjwa kutolewa kwenye kitanda kupelekwa kwingine.

Apande ndugu mmoja, mwenye kadi ya bima, dawa anazotumia mgonjwa na simu yenye chaji. Wengine wafuate kwa gari lao, bila kulifukuza gari la wagonjwa kwa nyuma.

Na kama mgonjwa yuko Mlingotini au ndani ya Kaole, na gari la wagonjwa liko mbali? Apakiwe gari lolote lililo karibu, bajaji ikibidi, aje kwenye ECG huku mkikutana njiani. Bodaboda hapana. Akizimia pale katikati, anaanguka, na hakuna wa kumkandamiza kifua.

Hatua ya 9: Barabarani

Vibandiko vya mashine ya kushtua moyo viwe vimeshawekwa kifuani kabla ya kuondoka: kimoja chini ya mtulinga wa kulia, kingine ubavu wa kushoto chini ya kwapa. Mapigo mabaya huja zaidi katika saa za mwanzo, na kumvua shati mtu ndani ya gari linaloyumba kunakula dakika usizokuwa nazo. Pima presha kila dakika 5 hadi 10, rudia ECG gari likisimama, na angalia damu kwenye fizi, kwenye kanula na kwenye mkojo. Akiumwa kichwa ghafla, akitapika au akichanganyikiwa baada ya dawa ya kuyeyusha, simamisha dripu upige simu.

Dereva ni sehemu ya matibabu. Ampitishe kwenye matuta taratibu, asifunge breki za ghafla, aamue mapema kama atapita Morocco na Selander au atazungukia Daraja la Tanzanite. Mpe taarifa ya mgonjwa, hasa kama presha inashuka, ili ajue kwa nini unamwambia asimame.

Mgonjwa mwenyewe yuko macho na anaogopa. Mwambie mko wapi. "Baba, tumevuka Boko, wanakusubiri." Moyo unaokwenda mbio kwa hofu unahitaji damu nyingi zaidi, na damu ndiyo inayokosekana.

Ukifika Tegeta, piga simu ya pili: tumebakiza dakika kadhaa, hali ni hii, mlango gani?

Hatua ya 10: Kumkabidhi

Toa karatasi zote za ECG za asili zikiwa na saa, saa ya maumivu kuanza, saa ya kila dawa na dozi yake, na chupa tupu ya dawa ya kuyeyusha kama ilitumika. Sema kwa sauti mbele ya anayepokea, kisha mpe maandishi. Usiondoke mpaka nyaya za mashine yao zimeshaungwa na mgonjwa yuko kwenye kitanda chao.

Omba namba ya simu ya aliyempokea. Kesho yake mpigie uulize ni mshipa gani ulikuwa umeziba, na kama dawa mliyompa iliufungua. Andika jibu kwenye daftari la gari pamoja na dakika mlizotumia kutoka Bagamoyo mpaka Mpiji, Mpiji mpaka Mwenge, na Mwenge mpaka mlangoni. Mgonjwa ajaye mtamhesabia kwa namba hizo.